Rula Kantinini: Jinsi Sheria ya Uvuvi Ilivyomfikia Mnunuzi

Mwezi Juni 2018 maofisa wa sekta ya uvuvi waliingia katika kantini ya Bunge jijini Dodoma na rula mkononi, wakapima urefu wa sato walioandaliwa kwa ajili ya waheshimiwa. Walipobaini kwamba baadhi yao hawafikii sentimita 25 zinazotakiwa na kanuni, kantini ikatozwa faini. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alikasirika, wabunge wakalipeleka jambo hilo ukumbini, na mitandaoni watu wakacheka kwa siku kadhaa. Kicheko kile kilimeza swali lililostahili kuulizwa kwa utulivu. Mpishi wa kantini hakutupa wavu ziwani. Hakuwa na mtumbwi wala kokoro. Samaki walimfikia kwa njia ya soko, kama wanavyotufikia sote, naye akawapika. Kosa lake lilikuwa lipi hasa, na kosa la namna hiyo lilizaliwa lini katika historia ya sheria?

Nauliza hivyo nikiitazama Mgololo, na msomaji wa pwani anaweza kushangaa. Mgololo iko Mufindi, katika nchi ya chai, misonobari na ukungu. Wengi wanaifahamu kwa kiwanda cha karatasi kilichoanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980, kikasimama kwa miaka kadhaa, kisha kikabinafsishwa mwaka 2004. Bahari iko mbali. Hata hivyo, ukitembea sokoni katika mji wowote wa Mufindi siku ya gulio utakutana na maji yote ya Tanzania yakiwa yamekaushwa na kupangwa mafungumafungu juu ya turubai. Kuna usipa wa Ziwa Nyasa waliopakiwa Kyela na kupandishwa Mbeya. Kuna dagaa wa Mwanza, ambao safari yao ndefu hupita barabara kuu ya Iringa na Mbeya kuelekea Tunduma, Zambia na Kongo, wakiacha magunia machache njiani. Kuna perege na kambale wa Bwawa la Mtera waliotua Migoli kabla ya kufika Iringa mjini. Kuna samaki wa bonde la Kilombero, ambao tangu reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976 wamekuwa wakipanda milima pamoja na mchele na ndizi, mikononi mwa wachuuzi wanaoshuka kwenye vituo vidogo kama hiki cha Mgololo. Na kuna vibua wa makasha, waliogandishwa, ambao hata muuzaji wake hajui walivuliwa katika bahari gani.

Kwa hiyo sheria ya samaki ni sheria ya nyanda za juu kama ilivyo ya Kilwa au Ukerewe. Na pengine inauma zaidi huku juu, kwa sababu huku hakuna mvuvi wa kukamata. Anayebaki ni mama mwenye ungo.

Tuanze mbali kidogo. Sheria ya jinai tuliyorithi kwa Waingereza ilikuwa tayari na kosa la mnunuzi. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayepokea mali ya wizi, lakini kinaweka sharti moja zito: awe anajua, au ana sababu ya kuamini, kwamba mali hiyo ilipatikana kwa njia ya wizi. Huyo ndiye mpokeaji wa zamani kabisa katika sheria, mshirika wa mwizi anayejua anachokifanya. Tatizo ni kwamba samaki hakuingia vizuri katika kifungu hicho. Kwa mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ambayo nayo yalichota kwa Warumi, mnyama wa porini na samaki wa maji huria hana mwenyewe mpaka akamatwe. Anayemvua anakuwa mmiliki wake. Sasa, kama hakuna aliyeibiwa, mali ya wizi inatoka wapi? Mvuvi anaweza kuwa amevunja amri ya msimu au ya tundu la wavu, lakini samaki aliyemvua, kwa mantiki ile ya kale, ni wake. Na anayenunua kwa mwenye mali ni mnunuzi halali.

Ndiyo maana kwa karne nyingi sheria za uvuvi zilimwandama mvuvi peke yake. Uingereza ilikuwa na msimu wa kufunga uvuvi wa samoni tangu sheria ya Westminster ya mwaka 1285. Lakini ilipofika mwaka 1986 ndipo Bunge lao lilipotunga, katika Sheria ya Samoni, kosa lenye jina la ajabu kidogo: kushughulikia samoni katika mazingira ya kutia shaka. Miaka mia saba kati ya kumkataza mvuvi na kumwandama mnunuzi kwa kosa la namna hiyo! Wamarekani waliwahi zaidi. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilitamka kwamba nyama ya porini iliyopatikana kwa kuvunja sheria ya jimbo moja haiwezi kusafishwa kwa kuvushwa mpaka kwenda jimbo jingine. Samaki wa aina fulani waliongezwa kwa sheria ya mwaka 1926, na mwaka 1981 sheria hizo zikaunganishwa na kupanuliwa. Hapo wazo jipya likakamilika: uharamu haubaki mtoni alikovuliwa samaki, unamfuata ndani ya gari, ghalani, dukani, hadi mezani.

Wazo hilo lilichelewa kufika kwetu. Watawala wa kikoloni katika Afrika Mashariki walianza na wavu. Kati ya mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alifanya uchunguzi wa Ziwa Victoria na kukuta ngege wakipungua kwa sababu ya nyavu za kisasa zilizoingizwa mwanzoni mwa karne. Pendekezo lake, lililogeuzwa kuwa kanuni, lilikuwa tundu la wavu lisipungue inchi 5. Ni kanuni ya chombo. Inamwelekea mwenye wavu, inaweza kukaguliwa ufukweni, na haina habari na mama wa sokoni. Hata hivyo haikudumu. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 nchi zetu ziliilegeza moja baada ya nyingine, na ngege leo ni hadithi kwa vijana wengi wa Kanda ya Ziwa. Naitaja kanuni hiyo kwa sababu moja. Ilishindwa, miongoni mwa mambo mengine, kwa kuwa samaki aliyevuliwa kwa wavu haramu alipofika sokoni hakuwa na tofauti na mwenzake. Soko liliwapokea wote kwa bei ileile.

Kilichotulazimisha kutazama soko ni baruti. Uvuvi wa milipuko ulienea katika pwani yetu kuanzia miaka ya 1960, na Sheria ya Uvuvi Namba 6 ya mwaka 1970 ikaupiga marufuku. Marufuku hiyo ilifuatiwa na kanuni mahususi za milipuko, sumu na uchafuzi wa maji mwaka 1982. Mbinu yenyewe wanaijua wote wa Tanga, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara: chupa yenye mchanganyiko, utambi, mlipuko wa sekunde moja, na tumbawe lililojengwa kwa karne nzima linakuwa kokoto. Baruti hizo hazikutengenezwa na wavuvi. Zilivuja kutoka machimboni, kwenye makokoto na ujenzi wa barabara, jambo ambalo linapaswa kutufundisha kwamba uhalifu wa baharini huwa na mzizi nchi kavu. Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994 ikaleta Hifadhi ya Mafia mwaka 1995. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanamaji walitumika katika doria, milipuko ikapungua, kisha ikarejea walipoondoka.

Sasa samaki wa baruti ana sifa ambayo samaki wa wavu mdogo hana: mwili wake ni ushahidi. Mlipuko huvunja uti wa mgongo, hupasua kibofu cha hewa, humwaga damu ndani ya nyama na machoni, na nyama yenyewe hulegea upesi. Dalali mzoefu wa soko la Feri humtambua kwa kumbonyeza. Hapa ndipo kumwadhibu mnunuzi kulipopata uhalali wake wa kimaadili. Huwezi kusema hukujua, wakati kidole chako kinajua. Tajiri aliyekaa mwaloni akisubiri mzigo wa baruti, anayempa mvuvi mafuta na fedha ya chupa, ni mshirika kamili wa uharibifu ule, na katika hali nyingi ndiye mwajiri. Wale wanaodhani kwamba mvuvi maskini hujiamulia peke yake hawajawahi kuona daftari la madeni la pwani.

Lakini mpeleke samaki huyo kwenye kikaango, umkate vipande, umkaange mpaka awe mwekundu, umfunge kwenye boksi na umpakie kwenye basi la kwenda bara. Ushahidi umekufa. Anayempokea mwisho wa safari anaona samaki wa kukaanga, basi.

Hatua iliyofuata haikuanzia Bungeni kwetu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga milango yake kwa sangara wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za wavuvi kutumia sumu za kilimo kuua samaki. Miaka miwili kabla ya hapo tayari kulikuwa na vikwazo vya kiafya. Viwanda vya Mwanza, Kisumu na Jinja vilitikisika, wafanyakazi wakasimamishwa, bei mwaloni ikaporomoka. Na serikali zetu tatu, ambazo kwa miaka mingi zilisema haziwezi kudhibiti ufukwe wenye mialo mamia kwa mamia, ghafla ziliweza. Maabara zilijengwa, wakaguzi wakaajiriwa, vikundi vya BMU vikaundwa mialoni. Mimi husema darasani kwamba mwaka 1999 ndio mwaka ambao mnunuzi aligeuka kuwa mtunga sheria. Sisemi kwa kusifu. Mnunuzi yule alikuwa Brussels, alilinda tumbo la raia wake, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini alituonyesha pia kwamba nguvu ya kuamua samaki yupi ni halali inakaa kwenye fedha ya mwisho, mbali na mwalo.

Tulipotunga Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, na baadaye Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, roho ya wakati huo ilikuwa imeingia. Kuuza samaki, kusafirisha, kuchakata, kusafirisha nje: kila hatua ikawa na leseni au kibali chake. Sangara akawekewa mlango na dari, asiwe chini ya sentimita 50 wala juu ya 85, ili wachanga wakue na wazazi wakubwa wazae. Sato akapewa sentimita 25. Na kwa kuwa kipimo sasa kilikuwa juu ya samaki badala ya kuwa juu ya wavu peke yake, yeyote aliye na samaki huyo mkononi alikuwa ameingia ndani ya sheria, awe mvuvi, dereva, mwenye hoteli au mpishi wa waheshimiwa. Rula ya kantini ilianza safari yake hapo.

Mwaka uleule wa 2009 ukatuletea kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anapaswa kuisoma mwanzo hadi mwisho. Mwezi Machi, doria ya ushirikiano wa nchi za SADC, ikitumia meli ya Afrika Kusini Sarah Baartman, iliikamata meli ya uvuvi Tawariq 1 katika ukanda wetu wa kiuchumi wa bahari. Nahodha alikuwa wa Taiwan, mabaharia zaidi ya 30 kutoka nchi kadhaa za Asia pamoja na Wakenya, na ndani kulikuwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi alikuwa John Magufuli. Samaki wale, ambao walikuwa kielelezo cha kesi na wakati huohuo chakula kinachoweza kuoza, waligawiwa bure kwa mashule, hospitali, magereza na taasisi nyingine. Wananchi wakawapa jina, na jina likadumu: samaki wa Magufuli.

Wakati ule nchi ilishangilia, na naelewa kwa nini. Tulikuwa tumezoea kusikia kwamba meli za kigeni zinafagia bahari yetu usiku na mchana, na kwa mara ya kwanza tulimwona mhalifu mkubwa kwa macho. Mwezi Februari 2012 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ikawatia hatiani nahodha na wakala wa meli, ikawapa adhabu za vifungo virefu au faini za mabilioni ya shilingi. Kisha mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha mwenendo wote. Sababu ilikuwa karatasi: kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, ambacho sheria ilikitaka kabla ya mashtaka ya namna hiyo kufunguliwa, hakikupatikana inavyostahili. Serikali haikuendelea na mashtaka. Meli ikawa imechakaa bandarini, samaki walikwishaliwa miaka mitano nyuma, na washtakiwa wakawa huru na wenye sauti ya kudai mali yao.

Itazame kesi hiyo kwa jicho la mada yetu. Kwa miaka mitano taifa lilikuwa limekula samaki ambao uharamu wao haukuwahi kuthibitishwa kwa hukumu iliyosimama. Simlaumu mfungwa wala mwanafunzi aliyekula jodari siku ile. Kuwaacha tani 300 waoze kungekuwa upumbavu, na sheria za nchi nyingi huruhusu kielelezo kinachoharibika kuuzwa au kugawiwa. Ninachokitaka kionekane ni tofauti ya vipimo. Kwa meli kubwa yenye mawakili, sheria ilidai kila saini iwe mahali pake, na Mahakama ya Rufani ilifanya kazi yake ipasavyo ilipokataa kufumba macho. Kwa mchuuzi wa Igowole mwenye tenga la perege, nani aliwahi kuuliza kama taratibu zote zilikamilika kabla mzigo wake haujachukuliwa?

Wakati kesi hiyo ikiendelea, dunia iliyotuzunguka iliukamilisha mfumo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Namba 1005 ya mwaka 2008 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2010, na tangu hapo samaki wa baharini haingii Ulaya bila cheti cha uvuvi kilichothibitishwa na nchi ambayo chombo kinapeperusha bendera yake. Nchi inayoshindwa kusimamia vyombo vyake huonywa kwa kadi ya njano, kisha nyekundu. Komoro, jirani zetu, walipata nyekundu mwaka 2017. FAO nayo ilipitisha mwaka 2009 mkataba wa kuzinyima bandari meli zenye samaki wa shaka, mkataba ulioanza kutumika mwaka 2016. Sisi wenyewe, tuna Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao yake Zanzibar, na mwaka 2020 tukatunga sheria mpya ya bahari kuu. Jodari anayevuliwa leo mashariki ya Mafia na kupelekwa Hispania husafiri na karatasi zinazotaja chombo, eneo, tarehe na uzito. Mhispania akimla, anajua anakula nini.

Usipa wa Kyela anayefika Mgololo husafiri na kamba ya katani iliyofunga gunia.

Mwanzoni mwa 2018 ikaja Operesheni Sangara, chini ya Waziri Luhaga Mpina. Nyavu zilichomwa hadharani, magari yakakamatwa, viwanda na wafanyabiashara wakatozwa faini, na baadhi ya watumishi wa umma waliokuwa wakila na wahalifu nao wakaguswa. Watetezi wake walisema, na wanaendelea kusema, kwamba sangara walikuwa wanaisha na kwamba hakuna njia ya upole ya kuzima moto. Hoja hiyo ina uzito. Aliyeona magunia ya sangara wachanga wa urefu wa kiganja wakikaushwa kwa chumvi kuwa kayabo hawezi kuipuuza. Wapinzani walisema faini zilitozwa papo kwa papo bila mahakama na kwamba mitaji ya wanyonge iliteketea. Hoja hiyo nayo ilisemwa Bungeni kwa machozi. Ni katika joto hilo rula ilipoingia kantinini, na sina hakika kama waheshimiwa waliokasirika siku ile walitambua kwamba walikuwa wameonja, kwa adabu nyingi, kile ambacho wapiga kura wao walikuwa wakikipata bila adabu yoyote kwa miezi sita.

Turudi sasa kwenye swali la mpishi. Mnunuzi anaweza kujua nini? Kwa samaki mfupi anaweza kujua kila kitu: rula inatosha, na kosa linaonekana kwa macho. Hapo naunga mkono kanuni bila kusita, hata kwa mama lishe, mradi aelimishwe kwanza. Kwa samaki wa baruti anaweza kujua mradi ni mbichi. Lakini kuna uharamu wa tatu ambao haukai mwilini mwa samaki kabisa, nao ndio mwingi zaidi huku kwetu.

Chukua Ihefu. Ardhioevu ile ya Usangu, mkoani Mbeya, ililisha Mbarali na miji ya jirani kwa kambale na perege kwa vizazi. Kati ya 2006 na 2007 wafugaji na wavuvi waliondolewa kwa lengo la kuokoa Mto Ruaha Mkuu, ambao ulikuwa unakauka na kuitishia Mtera na umeme wetu. Mwaka 2008 eneo likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kambale aliyevuliwa pale mwaka 2005 alikuwa kitoweo. Kambale aliyevuliwa palepale mwaka 2009, mwenye urefu uleule na ndoano ileile, alikuwa zao la jinai. Maji ya Ihefu hutiririka hadi Mtera, na samaki wa Mtera ni ndugu zao wa damu. Wakishabanikwa na kukunjwa mkia mdomoni, ni malaika pekee anayeweza kuwatenganisha. Ndivyo ilivyo pia kwa msimu wa kufunga bwawa, kwa kokoro lililokatazwa, kwa mvuvi asiye na leseni: samaki habebi alama ya yoyote kati ya hayo.

Sheria yetu ya wanyamapori imelitatua tatizo la namna hii kwa ukali. Mtu akikutwa na nyara za serikali, mzigo wa kuthibitisha uhalali uko juu yake. Wapo wanaotamani utaratibu huo uhamie kwenye samaki, na nimesikia hoja hiyo ikitolewa na watumishi wa umma wenye nia njema kabisa. Naipinga. Pembe ya ndovu haiuzwi kwa mafungu ya shilingi mia tano sokoni, wala hakuna Mtanzania wa kawaida anayekutana nayo akitafuta mboga ya jioni. Nyara ni haramu mpaka zithibitishwe. Chakula ni halali mpaka kithibitishwe vinginevyo. Ukiugeuza mzigo huo kwa dagaa, umemfanya kila mchuuzi wa nyanda za juu kuwa mshtakiwa anayesubiri zamu, na umemkabidhi kila mwenye kizuizi cha barabarani mfuko wa kujazia. Tunajua vizuri kitu gani hutokea kwenye kizuizi cha barabarani saa tisa usiku, mzigo ukiwa unaoza.

Njia nyingine ipo, na haihitaji sheria mpya. Kibali cha kusafirisha samaki tayari kimo katika taratibu zetu. Kinachokosekana ni kukifanya kitaje mwalo, tarehe na aina ya samaki kwa lugha ambayo mchuuzi anaisoma, kitolewe na BMU na ofisa uvuvi palepale Itungi, Matema au Migoli, na nakala yake ikatwe vipande kadiri mzigo unavyogawanywa, kama tulivyozoea kugawa stakabadhi za mazao. Mwenye Fuso anayebeba magunia 200 bila karatasi hiyo awe na la kujibu, kwa sababu yeye alikuwapo mwaloni na alimwona muuzaji. Dalali wa Mwanjelwa na wa soko kuu la Iringa awe na la kujibu, kwa sababu yeye ndiye anayepanga bei na ana uwezo wa kukataa mzigo. Mama wa Mgololo, aliyenunua sado moja kutoka kwa dalali huyo, anapaswa kuonyesha kipande chake tu, au kutaja aliyemuuzia. Hilo ndilo sharti la kifungu cha 311 katika nguo za leo: adhabu imfuate anayejua na anayeweza kujua.

Kuna atakayesema kwamba maofisa uvuvi hawatoshi. Ni kweli, wilaya nyingi zina wachache mno, na mialo ni mingi. Ila mwaka 1999 walipatikana ndani ya miezi michache, kwa ajili ya minofu ya kwenda Ulaya.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi mmoja kama kuna haja ya kupoteza wino kwa ajili ya dagaa wakati meli zinaiba jodari kwa tani. Meli ni lazima zikamatwe, na doria za pamoja za mwaka 2018 katika bahari yetu, pamoja na kukamatwa kwa meli ya Malaysia Buah Naga 1 ikiwa na mapezi ya papa huko Mtwara, zilionyesha kwamba inawezekana. Lakini kwa watoto wa Mufindi, wanaokua katika mkoa ambao udumavu umekuwa mjadala wa kila bajeti ya afya licha ya mahindi kujaa maghalani, fungu la usipa ndilo protini iliyo karibu zaidi na mfuko wa mzazi. Usipa hao wakiisha Nyasa kwa sababu ya nyavu za vyandarua, wamekwisha Mgololo. Na wakinyang'anywa Makambako kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyewahi kuitoa Kyela, wamekwisha Mgololo vilevile, wiki hiyohiyo.